Tusihadaike na vipimo vya damu vya saratani

Mwaka uliopita alinijia rafiki yangu wa tangu ujana, mwalimu mstaafu wa Jiografia ambaye tulifunza pamoja katika shule moja ya upili kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa amekonda. Hakuagiza chai kama ilivyo ada yake. Alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua juu ya meza na kunionyesha mstari mmoja uliopigiwa wino mwekundu. "Mwalimu," akaniambia kwa sauti ya chini, "mimi nimepatikana."

Mstari wenyewe ulikuwa mfupi. Uliandikwa CA 19-9, kisha nambari 52, na kando yake kiwango kinachohesabiwa kuwa cha kawaida, yaani kisichozidi 37. Rafiki yangu hakuwa akiugua kitu. Alikuwa amemsindikiza jirani katika kliniki moja ya kibinafsi mjini, akaona tangazo la kifurushi cha uchunguzi wa saratani kwa njia ya damu, akalipa maelfu kadhaa ya shilingi na kutolewa damu. Aliyemkabidhi matokeo alimweleza mambo mawili tu: kwamba kipimo hicho ni cha saratani ya kongosho na ya mirija ya nyongo, na kwamba amwone daktari upesi.

Yaliyofuata ni miezi mitatu ya safari za Nairobi, picha za skani mara mbili, mtamba mmoja aliyeuzwa kwa bei ya kutupa, na mke aliyeacha kulala usiku. Hatimaye daktari bingwa alibaini kwamba mzee yule ana mawe katika mfuko wa nyongo. Saratani haikuwapo. Simulizi hili silitoi ili kumtungia rafiki yangu tanzia, kwani angali hai na juzi alikuwa akipalilia mahindi yake. Nalitoa kwa sababu karatasi kama ile sasa zinaenea, na wanaozinunua kwa wingi ni watu wa tabaka letu: walimu, makarani na wazazi wenye mshahara mdogo lakini wa uhakika, waliokwisha kumzika jamaa kwa ugonjwa huu na ambao wangetoa chochote wasizikwe nao. Hofu yao ni ya haki. Linalostahili kuhojiwa ni bidhaa wanayouziwa.

Tuanze na maradhi yenyewe. Waswahili wanapotaka kumtaja hasidi anayeishi karibu mno na mtu hata hawezi kumwepuka, humwita nyongo mkalia ini. Ndivyo maumbile yalivyo. Ini hutengeneza nyongo mchana na usiku, maji machungu yanayousaidia mwili kumeng'enya mafuta. Nyongo hiyo hupita katika vijirija vyembamba vilivyotawanyika ndani ya ini kama vijito vya mlimani, vijito vikakutana na kuwa mrija mmoja, na mrija huo ukashuka hadi utumboni. Mfuko wa nyongo ni ghala tu iliyo pembeni ya njia.

Saratani inaweza kuota popote katika njia hiyo. Ikiota ndani ya ini hukua kimya kwa muda mrefu, kwa kuwa ini ni kiungo kikubwa na hustahimili mengi kabla ya kulalamika. Ikiota katika mrija mkuu huziba njia, na nyongo isiyokuwa na pa kupita hurudi katika damu. Macho huwa manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai isiyotiwa maziwa, kinyesi kikapauka, na ngozi ikawasha usiku kucha. Kufikia hapo wengi huwa wamechelewa. Upasuaji wa kuiondoa saratani yote ndio tegemeo kuu la kupona, na aghalabu wagonjwa hufika wakati kisu hakina tena nafasi. Dawa zipo, na tangu 2010 mchanganyiko wa dawa mbili, jemsitabini na sisplatini, umekuwa ndio msingi wa matibabu ya waliochelewa. Lakini kwa walio wengi dawa hizo huongeza miezi ya kuishi tu.

Basi ni nani asiyetamani kipimo cha damu ambacho kingeibaini saratani hii kabla haijaziba njia? Tamaa hiyo si ya wajinga. Wataalamu wakubwa wameifukuzia kwa zaidi ya nusu karne. Mnamo 1965 Phil Gold na Samuel Freedman wa Montreal, nchini Kanada, walieleza kitu walichokipata katika saratani ya utumbo mpana na ambacho kwa kawaida hupatikana katika utumbo wa mimba changa. Kikaitwa CEA. Miaka kumi baadaye, huko Cambridge, Georges Köhler na César Milstein waligundua namna ya kutengeneza kingamwili za aina moja tupu, ugunduzi uliowapa Tuzo ya Nobel mwaka 1984 pamoja na Niels Jerne. Kingamwili hizo zilikuwa kama mbwa wa mwindaji aliyefunzwa harufu moja tu. Mnamo 1979 Hilary Koprowski na wenzake katika Taasisi ya Wistar mjini Philadelphia, Marekani, walimtuma mbwa huyo katika chembechembe za saratani, naye akaibuka na CA 19-9. (Koprowski ndiye yule yule ambaye chanjo yake ya polio ya matone walipewa mamia ya maelfu ya watu katika Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi mwishoni mwa miaka ya 1950. Dunia ya sayansi ni ndogo kuliko tunavyodhani.)

Kwa hivyo kipimo ambacho rafiki yangu aliuziwa kama muujiza mpya kina umri wa zaidi ya miaka 40. Lau kingekuwa na uwezo wa kuiwahi saratani katika watu wazima wasioumwa, tungekuwa tumekwisha kuyaona matunda yake. Kwa nini hakina uwezo huo?

Sababu ya kwanza ni kwamba CA 19-9 haitengenezwi na saratani peke yake. Kuta za mirija ya nyongo iliyo salama pia huitengeneza, kisha huiteremsha utumboni pamoja na nyongo. Chochote kinachoziba au kuchoma njia ile, yakiwa ni mawe, uvimbe au maambukizi, huifanya irundikane na kumwagika katika damu. Mgonjwa mwenye umanjano uliosababishwa na jiwe anaweza kuonyesha nambari ya kutisha, kisha jiwe likitolewa nambari ikashuka. Upande wa pili, saratani iliyo changa, ile hasa tunayotaka kuiwahi, mara nyingi haijatoa kiasi cha kutosha kuipandisha nambari hata kidogo. Kipimo kinapiga yowe pasipo na mwizi, na mwizi halisi anapoingia kinasinzia.

Sababu ya pili inatuhusu sisi Waafrika zaidi, na sijaiona ikitajwa katika tangazo lolote. Mnamo 1946 Arthur Mourant, mtaalamu wa damu wa Uingereza, alieleza kundi la damu ambalo hatulifundishi shuleni pamoja na A, B na O. Linaitwa Lewis. CA 19-9 ni sukari ya ukoo huo wa Lewis. Ili mwili uitengeneze unahitaji kimeng'enya maalumu, na wapo watu ambao hawakurithi jeni nzima ya kimeng'enya hicho. Mtu wa namna hiyo ni mzima kabisa, hana ugonjwa wowote kwa ajili ya upungufu huo. Ila akipatwa na saratani ya mirija ya nyongo, CA 19-9 yake haitapanda, au itapanda kidogo mno, hata ugonjwa uwe umemjaa tumbo zima. Karatasi yake itasomeka vyema, naye ataenda nyumbani akishukuru.

Watu hao ni wangapi? Vitabu wanavyofunziwa wahudumu wa benki za damu huko Marekani hutaja takriban asilimia 6 ya Wazungu wa nchi hiyo, na takriban asilimia 22 ya Waamerika weusi. Nambari hiyo ya pili haipaswi kuchukuliwa tu na kubandikwa Kakamega au Kilifi, kwani mababu wengi wa Waamerika weusi walitoka Afrika Magharibi na ya Kati. Lakini inatosha kutufanya tuulize swali kabla ya kufungua mkoba: Je, huyu anayetuuzia kipimo kilichopimiwa damu za watu wengine, ametupima sisi kundi la Lewis kwanza? Jibu tunalijua.

Sasa niwaombe walimu wa Hisabati waniazime ubao. Mnamo 2004 watafiti wa Korea Kusini walichapisha matokeo ya watu 70,940 wasiokuwa na dalili yoyote ambao walipimwa CA 19-9. Waliozidi kiwango cha 37 walikuwa 1,063. Kati ya hao 1,063 walioambiwa kwamba nambari yao si ya kawaida, waliokutwa na saratani ya kongosho walikuwa wanne. Wengine wachache walikuwa na saratani za namna nyingine, na waliosalia, yaani karibu wote, hawakuwa nayo. Mpe mwanafunzi wa kidato cha pili hesabu hiyo: ni mmoja kwa kila 265 hivi. Kisha mwambie awafikirie hao 264 wengine kwa zamu, kila mmoja na mtamba wake wa kuuza na mke wake asiyelala. Na katika nchi nyingi saratani ya kongosho huonekana zaidi kuliko ile ya mirija ya nyongo, kwa hivyo ukiisaka hii ya pili kwa njia hiyo hesabu huzidi kuwa mbaya.

Hapo ndipo penye kosa ambalo hata wasomi hulifanya. Tunadhani ubora wa kipimo umo ndani ya kipimo, kama ukali ulivyo ndani ya kisu. Sivyo. Kipimo kile kile kinachomfaa daktari anayemtazama mgonjwa mwenye macho ya manjano na picha yenye kivuli, huwa ramli kinapotumiwa kwa umma mzima wa watu wasioumwa, kwa kuwa ugonjwa wenyewe ni haba miongoni mwao. Ndiyo sababu Chama cha Madaktari wa Saratani cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2006, kilikataa kuipendekeza CA 19-9 kwa kuwasaka wenye saratani ya kongosho miongoni mwa watu wazima wa afya. Kwa aliyekwisha kupasuliwa, kipimo hiki kina kazi nzuri ya kuonyesha kama saratani inarudi, mradi nambari yake ilikuwa imepanda tangu hapo. Mimi sigombani na maabara. Nagombana na tangazo.

Nasikia msomaji akinijibu: heri kujua mapema, hata kwa taabu, kuliko kuchelewa. Hoja hiyo ina uzito, nami niliiamini kwa miaka mingi. Iliyonibadilisha ni habari ya Japani. Kuanzia 1984 serikali ya nchi hiyo iliwapima watoto wachanga mkojo kote nchini ili kuwahi saratani iitwayo niuroblastoma. Kesi nyingi zilipatikana mapema, watoto wakapasuliwa na kupewa dawa kali, na kila mtu akafurahi. Kisha mwaka 2002 zikatoka tafiti mbili, moja ya Kanada na nyingine ya Ujerumani, zikaonyesha kwamba upimaji wa namna hiyo haupunguzi vifo vya watoto. Vivimbe vingi vilivyokuwa vikipatikana ni vile ambavyo vingetoweka vyenyewe, ilhali vile vya kuua viliupita wavu. Japani iliusimamisha mpango wake mwaka 2003. Sijui serikali nyingi zenye ujasiri wa kuacha jambo linalopendwa na wazazi.

Tayari mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limechapisha vigezo vya Wilson na Jungner kuhusu upimaji wa umma. Viwili kati yake vingetosha kutuongoza: ugonjwa uwe na hatua ya mwanzo inayotambulika, na pawepo matibabu yanayokubalika kwa atakayepatikana. Hapa kwetu, mtu anayepatikana na uvimbe wa mrija wa nyongo akiwa bado anaweza kupasuliwa anamhitaji daktari bingwa wa upasuaji wa ini, chumba cha wagonjwa mahututi, na damu ya kuongezewa. Vitu hivyo havimo katika kifurushi.

Wala tusidhani kwamba utajiri hulimaliza jambo hili. Walter Payton alikuwa miongoni mwa wachezaji mashuhuri kabisa wa kandanda ya Kimarekani, katika timu ya Chicago Bears. Mapema 1999 alitangaza kwamba ana ugonjwa adimu unaoikaza na kuitia makovu mirija ya nyongo, ugonjwa ambao wanaougua hujulikana kuwa katika hatari kubwa ya kupata saratani hii. Alikuwa akitarajia kupandikizwa ini. Saratani ilipopatikana, upandikizaji haukuwezekana tena, na alifariki Novemba mosi mwaka huo huo. Madaktari wa Marekani walikuwa wakimtazama kwa macho yote.

Pahali ambapo ugonjwa huu si adimu ni kaskazini mashariki mwa Thailand, eneo liitwalo Isan. Katika mkoa wa Khon Kaen takwimu za miaka ya 1990 zilizidi wagonjwa 80 kwa kila wanaume 100,000 kwa mwaka, kiwango cha juu kabisa kupata kurekodiwa duniani, wakati katika nchi za Magharibi ni mmoja au wawili hivi. Chanzo kikubwa kinajulikana. Ni mnyoo mdogo, Opisthorchis viverrini, ambaye huanzia katika konokono wa maji baridi, akaingia katika samaki, kisha akamwingia binadamu anayemla samaki huyo mbichi, na kukaa katika mirija ya nyongo kwa miaka mingi akiichubua. Watu wa Isan hupenda chakula kiitwacho koi pla, samaki mbichi aliyekatwakatwa na kutiwa ndimu na viungo. Ndimu haimuui mnyoo. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lilimweka mnyoo huyo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. (Wapenzi wa omena wasiwe na hofu, mnyoo huyo makao yake ni Thailand, Laos, Cambodia na Vietnam.)

Nataka msomaji atazame vile Thailand ilivyochagua kupigana. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Khon Kaen kilianzisha mpango mkubwa wa kuwachunguza watu wa vijijini, ukiongozwa na daktari mpasuaji Narong Khuntikeo, ambaye wazazi wake wote wawili waliuawa na saratani hii. Hapo basi, katika pahali penye ugonjwa mwingi kuliko pote, mbele ya mtu mwenye kila sababu ya kukitamani kipimo cha damu, chombo kilichobebwa hadi vijijini kilikuwa altrasaundi, mashine ya kupiga picha kwa mawimbi ya sauti. Na waliopigwa picha walikuwa wale walio katika hatari, hawakuwa kila mpita njia mwenye pesa. Kando ya ziwa Lawa, Profesa Banchob Sripa na wenzake walishika upande mwingine wa kamba: dawa kwa walioambukizwa, elimu nyumba kwa nyumba, na masomo juu ya mnyoo huyo katika shule za msingi. Maambukizi yalishuka sana. Watafiti kule na kwingineko wangali wanatafuta viashiria vipya katika nyongo, katika vipande vya DNA vinavyoelea damuni na katika vijisehemu vidogo vya RNA. Kazi hiyo ni njema na nawatakia heri, lakini hakuna hata kimoja kilichokwisha kuthibitishwa kuwa kinafaa kupimiwa umma.

Kitabu kile kile cha IARC cha 1994 kina ukurasa unaotuhusu moja kwa moja. Pamoja na mnyoo wa Thailand, kilimweka katika kundi la kwanza Schistosoma haematobium, kijidudu cha kichocho cha mkojo, kwa kuwa husababisha saratani ya kibofu cha mkojo. Huyu si mgeni. Yumo katika mabwawa na vijito vya Pwani yetu, naye pia huanzia katika konokono wa maji baridi. Dawa inayomuua mnyoo wa Isan, prazikwanteli, ndiyo hiyo hiyo inayomuua wa Kwale. Tangu 2012 tumekuwa na mpango wa kitaifa wa kuwapa watoto dawa za minyoo shuleni, na katika maeneo yenye kichocho prazikwanteli imekuwa miongoni mwazo. Anayeigawa si daktari. Ni mwalimu, akiwa na ufito uliochorwa alama, mtoto husimama kando ya ufito huo na urefu wake ukaonyesha ameze vidonge vingapi.

Kazi hiyo haina tangazo wala karatasi yenye wino mwekundu. Mara nyingine huonekana kero: masomo yanakatizwa, watoto wanalalamika kwamba kidonge ni kichungu na ni kikubwa, mzazi mmoja anakuja kufoka. Lakini nikipewa maelfu yale ya shilingi niyatumie dhidi ya saratani, nitayapeleka huko, na kwenye maji safi na vyoo, kabla sijamlipia mtu mzima yeyote CA 19-9. Na Wizara ya Afya iwakataze wauzaji wa vifurushi hivi kumtoa damu mtu asiye na dalili pasipo daktari kumwona kwanza na kumweleza nambari ile inaweza kumaanisha nini na haiwezi kumaanisha nini. Mwenye macho ya manjano naye asipelekwe kwa mganga wala kwenye kifurushi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Juzi rafiki yangu alinipigia simu. Kliniki ile imemtumia ujumbe kwamba bei imeshuka, naye alitaka kujua kama akirudie kipimo mwaka huu. Nilimuuliza kama mjukuu wake anayesoma Kwale alikuwapo darasani siku vidonge vilipogawiwa. Hakujua. Akasema atampigia mwalimu mkuu.